Pole Iliyotupeleka Mahakamani

Jumanne, 13 Januari 1976

Theluji tena. Dafrosa amelala, nguo ziko mashineni kule chini, nina nafasi kidogo.

Leo nimeona tangazo ukutani katika chumba cha kufulia. Karatasi ya njano. Juu herufi kubwa: RESNING. Chini yake: kundi la kujisomea, kila Alhamisi jioni, bure, kahawa ipo, nyote mnakaribishwa. Nikalisoma mara mbili nisije nikajidanganya. Resa ni safari, hilo nalijua, kila siku naliona kwenye mabango ya stesheni. Basi resning itakuwa mambo ya kusafiri. Labda wanaelekeza watu namna ya kupata ndege ya bei rahisi! Mama yangu hajamwona Dafrosa hata mara moja, na mtoto anakaribia miaka mitatu. Nitakwenda. Baba Dafrosa simwambii mpaka niwe na habari kamili.

Asubuhi Dafrosa kajigonga kichwa kwenye pembe ya meza. Kishindo! Akamkimbilia baba yake, mikono juu. Baba yake akambeba, akamkagua paji la uso, akafungua mdomo – akaufunga. Halafu akasema:

"Nimeona."

Nimeona! Mtoto ana nundu kama limau, anaambiwa nimeona. Akalia mpaka kwikwi. Ikabidi nimchukue mimi, pole mama, pole mwanangu, pole, akanyamaza.

Karibu mwaka mzima sasa mume wangu hajamwambia mtu pole. Nilipoungua na mafuta ya maandazi – "Nimeona." Jirani alipovunjika mkono – "Nimeona." Nilidhani litapita kama mafua. Halijapita.

Nguo! Nimezisahau mashineni.


Alhamisi, 15 Januari

Aibu. Aibu tupu! Lakini naiandika, maana humu hasomi mtu.

Ukumbi uko jengo la pili, chini kabisa. Tulikuwa watu wachache. Mwalimu ni msichana tu, anaitwa Gunvor. Ni mwanasheria, na sweta yake imetoboka kiwiko. Akamwuliza kila mmoja kilichomleta. Zamu yangu ilipofika nikasema kwa Kiswidi changu: nataka kujua habari ya mzigo. Unaruhusiwa kilo ngapi?

Akanitazama kwa huruma. Akasema mzigo ni mzito sana, na kibaya zaidi, mtu huachwa aubebe peke yake.

Nikasema hapana, tutakuwa watatu. Mimi, mume wangu na mtoto.

"Hata mtoto!" akasema. Akaandika kitu.

Nikauliza inachukua muda gani mpaka kufika. Akasema pengine miaka. Miaka! Sisi tulikuja na ndege tukalala njiani mara moja tu. Akaongeza kwamba wengi hurudishwa. Nikashtuka. Nikauliza: wanarudishiwa wapi, hapahapa uwanjani au kulekule Nairobi?

Akasema: Mahakama ya Juu.

Nyuma yangu mtu akapaliwa na kahawa. Kugeuka – Ssali! Yule Mganda. Na pembeni yake Wamuyu, muuguzi Mkenya wa ghorofa ya sita kwetu, amejifunika uso kwa mtandio, mabega yanamtikisika.

"Shemeji," Ssali akasema kwa Kiswahili chake cha Kampala, "hii kitu si ya ndege. Hii iko ya kesi!"

"Wacha acheke peke yake, Mama Dafro," Wamuyu akasema. "Hata mimi nilikuja nikidhani ni ya kuinuka. Mazoezi ya viungo! Si uone nimevaa raba."

Kumbe hata yeye hakuwa mbali sana. Gunvor alieleza kwamba resning ni kuinua. Kesi ikishahukumiwa ni kama imelazwa. Mtu aliyehukumiwa bila kosa anaweza kuomba iinuliwe isikilizwe upya. Ila sheria ilivyo ni mlango mwembamba mno. Yeye na wanasheria wenzake wameandika pendekezo lipelekwe bungeni ili mlango upanuliwe, na wanataka kusikia kwa watu wa kawaida kwanza.

Mimi nilikwisha kuvaa koti, nataka kukimbia na aibu yangu. Lakini niliposikia "mtu aliyehukumiwa bila kosa" mkono ukakwama kwenye kifungo.

Nikavua koti. Nikakaa.

Ssali hakunitazama tena jioni nzima. Najua sababu. Yeye ndiye aliyekuwa mkalimani siku ile.


Ijumaa, 16 Januari

Sijawahi kuandika habari hii. Leo naiandika, labda itanitoka kifuani.

Februari mwaka jana. Stesheni yetu ya Alby ilikuwa bado mpya, inanuka rangi. Evodius, mume wangu, alikuwa anatoka kazini uwanja wa ndege kule Märsta, kusafisha ndege. Pale nje kwenye ngazi, barafu kama kioo. Akamkuta bibi mmoja wa Kiswidi yuko chini, ameshaanguka. Akapiga magoti. Akavua skafu, akamwekea kichwani. Wakati huo Kiswidi chake kilikuwa cha kuomba chumvi tu, basi akambembeleza kwa Kiingereza chetu kile: "Sorry, mama. Sorry. Sorry sana."

Akatokea bwana mmoja na mbwa wake. Alichokiona: mtu mweusi kamwinamia bibi. Alichokisikia: sorry, sorry, sorry.

Bibi wa watu aligonga kichwa, hakumbuki kitu chochote kabla ya gari la wagonjwa. Shahidi ni bwana wa mbwa peke yake, naye alisema Evodius kamsukuma.

Mahakamani wakauliza: kama hukumsukuma, kwa nini ulimwomba msamaha? Evodius akajibu kwa Kiswahili: "Nilimwambia pole tu, kama mtu yeyote angefanya." Ssali akaigeuza kwa Kiingereza: alimwambia sorry, kama mtu yeyote angefanya. Mkalimani wa pili akaitoa kwenye Kiingereza akaitia kwenye Kiswidi: *förlåt*. Aliomba msamaha, kama mtu yeyote angefanya.

Basi. Pole ya mume wangu iliingia mahakamani ikiwa huruma, ikatoka ikiwa kosa.

Faini tulishamaliza. Jina ndilo halijaisha. Alikuwa ameshapata nafasi ya kujifunza kuendesha treni za chini ya ardhi – ndoto yake! Alikuwa anafanya mazoezi na Dafrosa sebuleni, anatangaza stesheni zote mpaka mjini. Wakamwambia asubiri mpaka jina liwe safi. Hatangazi tena.

Leo wakati wa chai nikamwambia habari ya Gunvor. Akasikiliza akimenya viazi. Akasema:

"Mama Dafrosa, kesi imelala. Iache ilale."

"Lakini Baba Dafrosa, wewe huna kosa."

"Nina kosa. Nilifungua mdomo. Neno moja tu, limenifikisha pale. Katika nchi hii silisemi tena."

Viazi alivimenya mpaka vikabaki kama gololi.


Alhamisi, 22 Januari

Leo kimetokea kichekesho, na ndani ya kichekesho nimeona mwanga.

Ssali alikuja amechelewa, akavuta kiti cha pembeni, kile cha kukunja chenye kitambaa cha bluu. Akakaa kwa heshima zote, kikombe mkononi, mguu juu ya mguu. Kiti kikajikunja chenyewe! Tukaona soli za viatu.

"Woi, pole! Sorry!" Wamuyu.

"Pole shemeji! Sorry sana!" mimi.

Na Ssali kutoka chini ya meza, anaona kahawa imemwagikia daftari la Gunvor: "Sorry! Sorry, madam!"

Gunvor akatutazama mmoja mmoja. Akauliza, kwa nini nyote mnaomba msamaha? Nani kati yenu katengeneza hicho kiti?

Nikaweka kikombe chini. Nikasema: "Hatuombi msamaha." Halafu nikaeleza. Kiswidi changu kilikuwa kinachechemea, lakini nilieleza yote – bibi, barafu, skafu, mbwa, pole. Kwamba kwetu samahani ni ya mwenye kosa, na pole ni ya mtu yeyote mwenye macho. Kwamba Kiingereza kina neno moja kwa yote mawili, na sisi tuliopita shule kidogo tunalitumia tunavyotumia letu.

Ssali akasimama, bado ana kahawa kwenye tai. "Mimi nilitafsiri sawasawa!" akasema. "Pole iko sorry! Kwetu Kampala mtu akipiga chafya, sorry. Akibeba ndizi mzito, sorry. Mwaka mzima nalala vibaya, shemeji. Kosa haiko yangu. Kosa iko ya Mwingereza!"

Wamuyu akasema hapo ndipo Waganda na Wakenya wanapokubaliana.

Gunvor hakucheka. Alikuwa anaandika mbio. Halafu akaweka kalamu chini, uso ukamshuka. Akasema tatizo ni hili: sheria inataka jambo jipya. Kesi haiinuliwi ila kwa kitu kipya ambacho mahakama haikukiona. Na pole ilikuwapo siku ile, ilisemwa mbele yao. Si mpya.

Nikamwambia ni kweli. Ina umri kumzidi bibi yangu.

Akasema basi ndiyo maana sheria lazima ibadilike. Wataongeza kwenye pendekezo: neno lililoeleweka vibaya kwa sababu ya lugha lihesabiwe kuwa jambo jipya. Na mtu apewe wakili, asiachwe ahangaike mwenyewe. Akaniuliza kama anaweza kutumia mfano wetu.

Nikasema ndiyo. Sijamwuliza mwenye mfano!


Jumapili, 1 Februari

Msiba. Mzee Cyprian wa Akalla amefiwa na mama yake kule Karagwe, habari imemfikia kwa telegramu. Watu wote wa kwetu tulikwenda. Viatu vimejaa ukumbini mpaka mlango haufungi.

Tukapanga mstari kumpa mkono. Pole mzee. Pole sana. Poleni kwa msiba. Ikafika zamu ya Baba Dafrosa. Nilikuwa nyuma yake, nikawa naomba kimoyomoyo: leo tu, Mungu wangu, leo tu limtoke.

Akamshika mzee mkono kwa mikono yote miwili. Midomo ikamchezacheza. Akasema:

"Nimesikia."

Nimesikia! Kama karani wa posta! Mama mmoja akaguna. Mzee Cyprian mwenyewe akabaki ameduwaa, akajibu "Haya, asante," maana atajibu nini.

Nikamfuata nyuma haraka nikasema pole zangu na zake, nikazirundika mpaka nadhani mzee alichoka.

Kwenye basi, katikati ya njia, akasema polepole, "Lilikuwa hapa," akajigusa chini ya koo. "Lilifika mpaka hapa. Halafu nikamwona yule bwana na mbwa wake."

Nikamshika mkono. Mkono wenyewe una nyufa za dawa za kusafishia. Nilitaka kumwambia pole. Nikaogopa ataona namcheka.


Alhamisi, 12 Februari

Gunvor anataka pole iandikwe kwenye pendekezo kwa Kiswidi. Leo kazi ilikuwa hiyo. Tuseme yote: mtu huambiwa pole akiwa na nini?

Mgonjwa, nikasema. Aliyefiwa. Aliyenyeshewa. Aliyejikwaa. Aliyebeba kuni. Aliyesubiri sana.

"Anayefanya kazi," akasema Wamuyu. "Pole na kazi."

Gunvor akasimamisha kalamu. Mnamwomba radhi kwa kuwa ana kazi?

"Sasa huyu naye!" Wamuyu akanigeukia. "Mama Dafro, mwambie wewe, mimi nitapandisha presha."

Gunvor akajaribu maneno ya kwao. La kwanza halikufaa. La pili lilikuwa la barua za matanzia. Halafu akasema labda hili: mtoto akiumia, wao husema *det är synd om dig*.

Nikashtuka. *Synd!* Neno hilo nalijua kanisani. Synd ni dhambi!

Nikamwuliza: kumbe mtoto akianguka nyinyi mnamwambia ana dhambi?

Akasema hapana, hapana, ni huruma tu. Nikasema lakini mimi nimelisikia kwa padri, na padri hakuwa anahurumia mtu. Akasema ndiyo, ni neno hilohilo, lakini hapa lina maana nyin– Akaweka mkono mdomoni.

"Enhe!" akasema Ssali. "Sasa madam, wewe njoo Kampala, uone mtu kaanguka, sema 'dhambi, dhambi'. Halafu mimi nakuwa mkalimani."

Tulicheka mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Gunvor alicheka machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiwiko chenye tundu. Kasema hilo analitia kwenye pendekezo, ukurasa wa kwanza.

Nimerudi nyumbani nimejaa matumaini kama puto. Baba Dafrosa akaniuliza nacheka nini. Nikamweleza ile ya dhambi. Akatabasamu! Kidogo, upande mmoja. Lakini nililiona tabasamu.


Jumatatu, 1 Machi

Dafrosa ana tetekuwanga. Siandiki. Baba yake amechukua ruhusa kazini, anamkanda kwa kitambaa, anamwimbia wimbo usio na maneno. Kila akikaribia neno lile anaingiza mluzi.


Alhamisi, 11 Machi

Habari kubwa! Kamati ya bunge inayosoma mapendekezo inamtuma mtu mmoja kuja hapa Alby, hapa kwetu, kusikiliza kundi letu! Jaji mstaafu, anaitwa Arvid. Jumatano ya tarehe ishirini na nne. Gunvor anasema huyu ndiye wa kushawishiwa. Ni mzee wa sheria za zamani, anaamini mlango ukipanuliwa kila mtu atapita. Lakini ni mwadilifu. Akirudi ameelewa, kamati itamsikiliza. Akirudi hajaelewa, pendekezo litafunikwa, na mume wangu atasafisha ndege mpaka azeeke.

Ssali akainua mkono. Ana mpango. "Tunaweka jaji kwa ile kiti ya bluu. Anaanguka. Sisi wote: sorry, sorry! Anauliza kwa nini. Kesi imekwisha!"

Gunvor akawa mwekundu kama nyanya. Akasema ushahidi haupikwi. Akijua tumemtega, hatatuamini hata tukimwambia leo ni Alhamisi. Mtu yeyote asikiguse hicho kiti!

"Nilikuwa nasema tu," Ssali akasema.

Simwamini. Kwa hiyo nikajitolea: kiti nakipeleka kwangu, kikae mbali na Ssali mpaka siku ipite. Kukitupa hatuwezi, mwangalizi wa majengo atauliza. Nimekipandisha mwenyewe, nimekiweka jikoni kwenye kona, nimekiwekea kapu la nguo juu yake.

Kimekaa vizuri. Mtu asingejua kabisa kwamba ni mwuaji.


Jumanne, 23 Machi

Kesho. Nimekanda unga wa maandazi. Nimefua mapazia. Dafrosa amebaki na vidonda viwili tu vya tetekuwanga, anaviita vifungo.

Nimemwomba Baba Dafrosa ateremke ukumbini kesho aseme mwenyewe. Dakika tano. Akasema yeye hana la kusema, wakati ule alikuwa nalo wakalichukua. Akasema atakuwa kazini asubuhi, mchana atakuwa chumbani na gazeti, na mimi nisimsumbue.

Halafu akasimama mlangoni. "Utavaa lile gauni la kijani?"

Nikasema ndiyo.

"Vizuri," akasema.


Jumatano, 24 Machi

Naandika nikiwa chumba cha kulala, herufi zinapandana, samahani karatasi. Wako jikoni. Gunvor ameniambia kwa meno yaliyofungwa: "Leokadia, nenda huko ndani kwanza." Niandike yote kama yalivyokuwa kabla sijaanza kujichanganya mwenyewe.

Saa nane tulikuwa mbele ya ukumbi, jaji amefika kwa treni, mrefu, kofia ya manyoya, pua nyekundu kwa baridi. Ukumbi umefungwa! Mwangalizi ana mafua, ufunguo uko kwake, yeye mwenyewe hajulikani aliko. Upepo unakata masikio. Gunvor anapiga mlango ngumi. Nikamwona mzee wa watu anatetemeka, nikasema bila kufikiri: twendeni kwangu, jikoni kwangu kuna joto na maandazi.

Tukapanda. Gunvor, Ssali, Wamuyu, jaji. Kumwita Arvid hivihivi nimeshindwa, nimemwita mzee Arvid, amekubali. Jikoni kwangu viti vitatu: Gunvor, Ssali, na cha tatu kimebeba mabakuli ya unga. Wamuyu akakaa kwenye sanduku la viatu. Mafuta yanachemka, Dafrosa ananivuta gauni, jaji amesimama na kofia mkononi kama mtu anayesubiri zamu. Nikaona aibu. Mgeni amesimama kwangu! Nikageuka huku na huku. Nikaona kapu la nguo. Nikalitoa.

Nikavuta kiti. Nikakipangusa kwa kanga. Nikasema, kwa mkono wangu huu na kwa mdomo wangu huu: "Karibu ukae, mzee."

Nilisahau! Naapa nilisahau! Mafuta yalikuwa yanachemka!

Ssali aliona. Nilimwona anafungua mdomo. Lakini mzee alishakunja magoti.

Kishindo kilitikisa vikombe. Kofia ikaruka mpaka kwenye sinki.

"WOI, POLE!" "Sorry! Sorry sana, sir!" "Pole mzee! Jamani pole!" Sote kwa pamoja, hata Dafrosa, ambaye siku hizi ananijibu Kiswidi mpaka nachoka – "Pole, babu! Pole!"

Na mlango wa chumba ukafunguka. Evodius, soksi bila viatu, gazeti mkononi. Akaona mzee wa Kiswidi yuko chini. Akaganda.

Nilijua anachokiona. Ilikuwa ngazi ileile na barafu ileile, mbwa tu ndiye hayupo.

Halafu gazeti likaanguka. Akapiga magoti. Akamshika mzee mabega, akamkalisha taratibu, akachukua taulo akamwekea mgongoni. Na nikalisikia. Dogo, limekauka kama mlango usiofunguliwa siku nyingi:

"Pole. Pole sana, mzee wangu. Pole."

Mafuta yalikuwa yanatatarika. Wamuyu akaanza kulia. Mimi nilikuwa nimeshaanza.

Basi nilidhani tumeshinda. Lakini nikamtazama Gunvor. Hakuwa anamtazama Evodius. Alikuwa anakitazama kiti. Kitambaa cha bluu. Halafu akanitazama mimi, na midomo yake ikawa myeupe.

Jaji naye si mjinga. Akiwa palepale sakafuni, akauliza kwa upole kabisa: hiki kiti kinajulikana kuwa kibovu?

Hakuna aliyejibu. Na katika kutojibu kule sote tukaonekana wezi. Ndipo Gunvor akanituma huku.

Sasa niko huku. Sikutega mtu! Nilikificha ili asianguke mtu! Lakini nitasema nini? Kiti nilikileta mimi. Nilijua ni kibovu. Nikampangusia. Nikamkaribisha. Alipoanguka nikasimama juu yake nikisema pole. Hata mimi ningekuwa jaji ningejifunga mwenyewe.

Na wakisema nimepika ushahidi, basi pole ya mume wangu, hiyo ya leo, ya kwanza tangu mwaka jana, itakuwa imepikwa nayo. Haikupikwa! Mimi naijua. Nimeingoja.

Ngoja. Wanaongea.

Jaji: wewe bwana, umeniambia neno gani ulipokuja?

Kiti kinasogezwa. Kizima, nadhani.

Evodius, kwa Kiswidi chake kizuri cha sasa: nimekuambia pole.

Jaji: maana yake?

Evodius: maana yake nimekuona umeumia na mimi imeniuma.

Jaji: siyo kwamba unaniomba msamaha?

Evodius: hapana. Kwa nini nikuombe msamaha? Mimi nilikuwa chumbani nasoma gazeti.

Jaji: basi nani mwenye kosa la kiti?

Baba Dafrosa, tafadhali. Tafad–

"Mke wangu."

Mke wangu! Ametamka bila hata kupepesa! Ssali anacheka – nani mwingine anacheka? Sauti siijui. Ya mzee? Anakohoa au anacheka? Haki ya Mungu siwezi kutofautisha.

Jaji sasa, polepole, kama mtu anayehesabu kwa vidole: kwa hiyo wewe unaniambia pole. Na yeye ndiye anayetakiwa aniambie *förlåt*.

Evodius: ndiyo! Ndiyo, mzee! Hivyo hivyo!

Jaji: na kama mahakama ingechanganya hayo mawili –

Sisikii. Dafrosa anagonga sufuria. Dafrosa, nyamaza mwanangu!

Wananiita. Gunvor: "Leokadia!" Sauti yake siielewi, imelegea au ndiyo imekaza. Na Baba Dafrosa: "Mama Dafrosa! Njoo, mzee anakungoja. Anataka kukusikia kwa mdomo wako."

Nikitoka na pole, ataona sina haya, maana kiti ni changu. Nikitoka na förlåt, nimekiri, na wanaweza kuandika kwamba nilimtega. Yote mawili ni ya kweli. Yote mawili ninayo hapa kooni, yanagombania mlango.

Natoka. Gauni lina unga. Sijui ni lipi litakalotangulia